Sura ya Saba: Dirisha Lisiloacha Alama

"Amejiua, Afande. Mnataka niseme mara ngapi?"

Fabian Wekesa aliusukuma mfuko wa plastiki wenye simu ya marehemu mkewe mpaka upande wa pili wa meza. Ulitelezea karibu na mkono wa Inspekta Saumu Sabir, naye hakuugusa. Saumu alizaliwa na kukulia Kaloleni, mjini Kisumu, na kituoni alijulikana kwa sauti yake ya chini na tabia moja iliyowakera watu wengi: akishauliza swali, alikuwa radhi kuketi kimya mpaka aliyeulizwa achoke na kimya hicho.

Simu ile ndiyo iliyowafanya wengi kituoni waone kesi imekwisha. Emmaculate Nabwire, nesi katika kliniki moja ya kibinafsi kule Mamboleo, aliokotwa na wavuvi asubuhi, mwili umenaswa kwenye magugu ya ziwa karibu na miamba ya Dunga. Viatu vyake na simu vilikuwa juu ya jiwe, vimepangwa sawasawa. Ndani ya simu, kwenye historia ya mambo aliyotafuta mtandaoni, kulikuwa na maswali manne, na yote yalikuwa ya mtu anayetaka kuiaga dunia. Mkuu wa kituo alisema jalada lifungwe, watu wakazike. Saumu aliliacha wazi kwa sababu ya sentensi moja ya daktari aliyeupasua mwili. Marehemu alikuwa na tundu la sindano nyuma ya bega la kulia, pahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki.

"Simu hii alikuwa nayo tangu lini, Bwana Fabian?"

"Tangu Krismasi. Nilimnunulia mimi."

"Na tangu Krismasi ametafuta mambo manne tu?"

"Atakuwa alifuta hayo mengine."

"Au hakuwa mtu wa kutafuta mambo mtandaoni. Wapo watu wa hivyo."

"Alikuwa anatafuta!" Fabian akaruka. "Kila siku! Mapishi ya omena, nyimbo za kwaya, bei ya sare za shule..."

Akakatiza mwenyewe. Saumu akakaa kimya. Nje, mtu alikuwa akiosha gari la polisi, na maji yalisikika yakipiga bati la mlango.

"Hayo umeyajuaje?" akauliza hatimaye.

"Ni mke wangu. Mtu anamjua mke wake."

Saumu akageuka kidogo. Kwenye kona ya chumba aliketi Sajini Griffin Otiende, mtaalamu wa kompyuta, mwanamume mnene asiyependa maneno mengi.

"Mwambie ulichokipata asubuhi, Sajini."

"Kuna programu imejificha ndani ya simu ya marehemu," Griffin akasema. "Ukiitazama utadhani ni kikokotoo cha hesabu. Kazi yake si hesabu. Kila jioni na kila usiku inapiga picha historia ya simu na kuituma kwa simu nyingine. Inatuma pia pahali simu ilipo, na kila mara simu inapofunguliwa."

"Simu nyingine ya nani?" Saumu akauliza, na macho yake hayakumwacha Fabian.

Fabian alipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa mfanyabiashara wa kukodisha mahema na viti, mtu aliyezoea kuamrisha vijana wapandishe na washushe. Pale mezani mabega yake yalishuka kama hema lililong'olewa vigingi.

"Ni makosa?"

"Ni makosa, na utayajibu. Lakini leo huenda yakakutoa kwenye makosa makubwa zaidi. Lete simu yako."

Aliitoa mfukoni, akaifungua mwenyewe, akaiweka mezani. Griffin akasogeza kiti.

Jioni ile ya mwisho ilikuwa imeandikwa yote. Kabla ya magharibi, simu ya Emmaculate ilikuwa imekwisha kufika Dunga. Picha ya historia ilipigwa jua likiwa bado juu ya ziwa: omena wa nazi, wimbo wa pambio, viatu vya watoto soko la Kibuye. Tangu hapo simu haikusogea hata hatua. Baada ya isha programu ikapiga picha nyingine, na safari hii omena hawapo, pambio halipo, viatu havipo. Yamebaki maswali manne ya kifo.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Pap Onditi. Kulikuwa na matanga, nilipeleka mahema. Uliza mtu yeyote, nililala huko huko."

"Tumeuliza. Ulikuwa huko." Saumu aliinua macho. "Kwa hiyo usiku kucha ulijua mkeo yuko Dunga, kando ya maji, na hasogei."

Fabian akageuzia macho mlangoni.

"Hukumpigia mtu aende kumtazama?"

"Nilidhani yuko na mwanamume," akasema kwa sauti iliyokatika. "Niliitazama ramani tu, picha sikuifungua. Kuna vyumba vya wageni kule. Nilidhani... Nilimtumia ujumbe."

Griffin alikuwa ameuona ujumbe ule kwenye simu ya marehemu. Hakuna aliyemwomba ausome kwa sauti.

Saumu alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Sajini, nieleze kama unamweleza mtoto. Hii simu ilifunguliwa baada ya magharibi?"

"Hapana, Afande. Programu ingeandika. Mara ya mwisho kufunguliwa jua lilikuwa bado halijatua."

"Basi simu imelala juu ya jiwe, imefungwa, hakuna aliyeigusa. Na bado historia yake imefutika na maswali mapya yameandikwa. Na nani, jini?"

"Si jini. Simu za siku hizi haziishi peke yao. Mtu ana akaunti moja, anaifungua kwa simu, anaifungua kwa kompyuta ya kazini, na vyote viwili vinaambiana. Ukifuta historia huku, inafutika na kule. Ukiandika huku, kule inaonekana."

"Kwa hiyo aliyeandika hakuwa Dunga."

"Alikuwa mbele ya mashine nyingine iliyofunguliwa kwa jina la Emmaculate."

Fabian aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesikiliza lugha aliyowahi kujua zamani. "Mnasema hakujiua?"

"Nasema hakuyaandika yale maswali," Saumu akajibu. "Sasa nataka kuingia kwenye akaunti yake yenyewe, siyo simu. Hati ya mahakama ninayo. Kampuni yenyewe watatujibu wakipenda, labda mwezi ujao. Wewe unayo paswadi?"

Fabian aliinamisha kichwa. "Ninayo."

"Alikupa?"

"Nilimchagulia mimi. Ni jina langu na mwaka wa harusi."

Griffin aliandika aliyotajiwa kwenye kompyuta ya ofisi. Akaunti ikafunguka. Alitembeza ukurasa chini taratibu, Saumu ameinama nyuma ya bega lake.

"Watu wengi hawalijui hili," Griffin alisema. "Kufuta historia kwenye mashine ni kufagia mlangoni. Akaunti nayo ina daftari lake ndani ya nyumba, na hilo hufutwa kivyake. Aliyefagia hapa hakuingia ndani."

Maswali manne yalikuwepo, na kando ya kila moja palikuwa na jina la kifaa. Halikuwa jina la simu. Ilikuwa ni kompyuta ya mezani, na jina ililopewa lilikuwa la kliniki ya Mamboleo.

"Teremka chini zaidi," Saumu akasema.

Chini zaidi, siku chache kabla ya kifo, kompyuta ile ile ilikuwa imetumika kutafuta mambo mengine. Jina la dawa ya sindano ya malaria kali. Nambari ya toleo, ile inayochapishwa ubavuni mwa boksi. Nambari hiyo hiyo tena. Kisha: *nitajuaje dawa ni bandia*. Kisha: *mtoto amepewa sindano ya malaria hapati nafuu*. Kisha, mchana wa siku aliyokufa: *kuripoti dawa bandia bila jina langu kujulikana*.

"Haya lazima alikuwa akiyafuta kwenye historia kabla ya jioni, ndiyo maana mumewe hakuyaona," Griffin akasema. Nje, mwenye kuosha gari alikuwa amemaliza.

"Mnaona kila kitu?" Fabian akauliza polepole. "Hata yale aliyotafuta kwa simu? Yale ambayo mimi sikuyaona? Kila siku ilikuwa mapishi, mapishi... Mtu hawezi kuwaza mapishi peke yake."

"Kuna dirisha la siri," Griffin alisema. "Ukitafutia humo, ukilifunga, simu haikumbuki. Akaunti nayo haikumbuki. Hayo hayatapatikana."

"Kamwe?"

"Kamwe."

Saumu alikuwa amekwisha kuchukua funguo za gari. Aligeuka mlangoni. "Yale mapishi alikuwekea wewe, Bwana Fabian," akasema. "Usitoke hapa. Kuna maelezo utaandika."

*

Kliniki ilikuwa nyuma ya maduka ya Mamboleo, mbali kidogo na kelele za makutano ya barabara. Ilikuwa na benchi la wagonjwa nje, chumba cha daktari ambaye huja siku maalumu, chumba cha sindano chenye pazia la kijani, na ofisi ndogo. Kwenye ofisi hiyo aliketi Dorca Khaemba, nesi msimamizi, mama wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Alisimama mara tu alipomwona Saumu, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Poleni na kazi, Madam. Keti. Mos, polepole, kiti chenyewe ni kibovu."

"Ahsante, Mama Dorca. Huyu ni Sajini Griffin. Tunamalizia mambo ya Emmaculate."

Macho ya Dorca yalijaa machozi papo hapo. "Imma alikuwa mdogo wangu kabisa, kama tumbo moja. Mmemshika yule mwanamume?"

"Tumshike kwa lipi?"

"Kwa kumtesa! Alikuwa anamchunguza mpaka kwa simu. Mimi ndiye niliyemwonyesha Imma namna ya kujificha. Nilimwambia, ukitaka kugugo jambo lako, tumia dirisha la siri, halina alama. Lakini usiache historia tupu, mtu wa wivu akikuta tupu atauliza. Mwachie mapishi, mwachie nyimbo za kanisa." Alijifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Nani alijua moyo wake umefika pale pa kutafuta kifo?"

"Ulimfundisha vizuri," Saumu alisema. "Siku ile mlikuwa zamu moja?"

"Mchana. Akaondoka mapema, akasema kichwa kinamuuma."

"Nawe?"

"Mimi nilibaki. Kulikuwa na ripoti ya mwisho wa mwezi. Sikutoka hapa mpaka usiku wa kufunga."

"Peke yako?"

"Peke yangu, Madam. Mlinzi akiwa langoni."

"Ripoti unaandika kwa kompyuta hii?"

"Hii hii. Hatuna nyingine."

"Hakuna mtu mwingine aliyeigusa jioni ile? Mlinzi? Mfagiaji?"

"Nani? Ofisi nafunga kwa ufunguo na ufunguo ni huu." Alionyesha kamba shingoni. "Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki tangu alasiri. Hata chai niliagiza."

"Unaweza kuapa hivyo?"

"Mbele za Mungu."

Saumu alimwachia kimya. Dorca alikunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mlinzi anasema ulitoka alasiri kwa bodaboda pamoja na Emmaculate," Saumu akasema. "Anasema ulirudi peke yako adhana ya isha ikisomwa. Tumezungumza naye langoni sasa hivi, kabla ya kuingia. Lakini tuseme amekosea na wewe ndiye mkweli. Tuseme hukutoka. Hapo ndipo ninapokwama, Mama Dorca. Maana yale maswali ya kifo yaliandikwa kwa kompyuta hii, jioni ile, baada ya isha. Na wewe umeapa kwamba hakuna mwingine aliyeigusa."

Dorca aliitazama kompyuta kama mtu anayemtazama mbwa wake wa nyumbani aliyemgeuka.

"Imma aliacha akaunti yake wazi hapa," Saumu akaendelea, sauti ile ile. "Ulifuta historia yote, ya hapa ikafutika na ya simu ikaenda nayo. Nadhani hilo la simu hukulipanga. Kisha ukaandika maneno yako manne, ukijua yataonekana kwenye simu iliyo juu ya jiwe. Kisha ukatoka kwenye akaunti, ukafunga ofisi."

"Nilifuta kila kitu," Dorca akasema. Halikuwa jibu. Ilikuwa kama anajikumbusha.

"Ulifuta cha kwenye mashine," Griffin akamwambia. "Akaunti ina kumbukumbu yake. Tumeisoma. Mpaka nambari ya boksi."

Dorca aliiachia kamba ya ufunguo. Machozi yalikuwa yamekauka, na uso wake ulionekana wa mtu mwingine, mkavu na mchovu. Alipozungumza, alizungumza na Griffin.

"Nilimfundisha. Kwa mikono yangu nilimfundisha kutumia dirisha la siri. Angelitumia na hapa, nisingejua kitu. Nilikuja kuwasha mashine asubuhi nikakuta ameacha ukurasa wazi, nambari ya boksi imeandikwa kubwa. Kwa nini hakujificha?"

"Kwa mumewe alijificha kwa sababu alimwogopa," Saumu alisema. "Wewe hakukuogopa."

Dorca alifumba macho.

"Ulimwambia nini mpaka akakufuata Dunga?"

"Kwamba twende tukale samaki, tuongee vizuri, tuone namna ya kuwaambia wenye kliniki. Alifurahi. Aliniambia, dada, nilikuwa naogopa kwamba nitabaki peke yangu." Aliitazama mikono yake. "Nilimwambia atazame ziwa."

Saumu hakumsukuma aendelee. Tundu la nyuma ya bega lilikuwa limekwisha kumweleza yaliyofuata. Alimwonya kwa maneno ya sheria kwamba lolote atakalosema litaandikwa, na Griffin akamfunga pingu kwa mbele, akaichomoa kompyuta na kuanza kuitia muhuri.

"Dawa zenyewe ulizipata wapi?"

"Kuna mtu anapitia mpakani Busia. Bei yake nusu. Mwanzo nilidhani ni dawa tu, ya bei nafuu."

"Na mtoto wa kwanza alipokosa nafuu, ulidhani nini?"

Dorca akageuzia uso ukutani.

"Nionyeshe maboksi yaliyobaki."

"Yamekwisha."

"Mama Dorca."

"Yamekwisha, Madam. La mwisho nimelifungua leo asubuhi."

Saumu alibaki amesimama kitambo kidogo tu. Kisha akatoka mbio, akalivuta pazia la kijani la chumba cha sindano.

Kitandani alilala mtoto wa kike, macho nusu wazi, midomo imekauka, mpira wa maji umefungwa kwenye kiganja chake kidogo. Mwanamke kijana mwenye leso ya maua alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Mama, huyu amechomwa sindano gani?"

"Ya malaria, dada. Tangu jana wanamchoma." Mwanamke alisimama kwa hofu alipoiona bastola kiunoni mwa Saumu. "Sisi ni wa Obunga. Kuna nini?"

"Unaitwa nani?"

"Nasike."

"Nasike, mbebe mtoto. Tunaenda hospitali kubwa sasa hivi."

"Lakini nesi amesema..."

"Nesi amesema uongo. Mbebe, mimi nitashika hii chupa ya maji."

Walitoka hivyo, Nasike mbele na mtoto kifuani, Saumu ubavuni mwake ameinua chupa juu kama taa. Griffin alipaza sauti kutoka ofisini kwamba ataita gari lingine la kumchukua mshukiwa. Kwenye benchi la nje wagonjwa walisimama, wakauliza, wakanyamaza walipomwona Dorca kupitia dirishani, mikono mbele, haangalii mtu.

Dereva aliwasha king'ora. Makutano ya Mamboleo yalikuwa yamejaa, malori ya miwa, mikokoteni, wachuuzi wa nyanya, na gari lilipenya kwa kusukumana. Mtoto alitetemeka mara moja kwa nguvu, kisha akatulia, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko kutetemeka. Saumu aliweka vidole viwili kwenye shingo yake. Moyo ulikuwa unapiga, haraka na hafifu. Kwa mkono mwingine alikuwa ameishika chupa, na simu ameibana kwa bega sikioni, akimwambia daktari wa zamu jina la dawa na nambari ya toleo, tarakimu moja moja, kama alivyozisoma kwenye akaunti ya maiti.

"Atapona?" Nasike akauliza.

"Sijui, mama."

"Kuna mtoto wa jirani yetu alichomwa hapo hapo. Tulizika. Tukaambiwa tulichelewa kumleta."

"Hamkuchelewa."

Nasike alimkumbatia mtoto zaidi. Gari liliruka tuta, maji yakayumba ndani ya chupa.

"Nani aliwaambia kwamba dawa ni mbaya?"

Saumu alitazama mbele, barabara inayoteremka kuelekea mjini na ziwa limelala kijivu upande wa chini.

"Nesi mmoja," akasema. "Aliuliza."